Sura ya Saba: Nani Anashika Kitufe cha Kurekodi?

Ukikaa kwenye duka la fundi wa redio na runinga, popote kuanzia Bungoma hadi Kitale, hutakosa kusikia swali hili. Pale Moi's Bridge huletwa hivi: "Fundi, zamani nilikuwa narekodi mechi kwa deki, nikitoka shambani naiangalia. Sasa nimenunua king'amuzi, picha ni safi kabisa, lakini nikirekodi napata giza tupu. Nimeharibu wapi?"

Hujaharibu popote. Deki yako inaweza kuwa nzima, king'amuzi kizima na runinga nzima. Kilichobadilika ni njia ambayo picha inapita kabla ya kukufikia sebuleni, na pamoja na njia hiyo amebadilika mwenye kauli. Enzi za analogi, chochote kilichoingia kwenye antena yako ungeweza kukinasa bila kumwomba mtu ruhusa. Enzi za dijitali, uwezo wa kurekodi huwekwa ndani ya kifaa na yule aliyekitengeneza au aliyekuuzia huduma, naye huamua urekodi nini, wapi na kwa muda gani. Sura hii inaeleza mabadiliko hayo yalivyotokea, kile unachoweza kurekodi leo, na kwa nini kanda zilizo juu ya kabati lako zinahitaji kushughulikiwa mapema.

Deki ilikuwa na masikio yake

Tuanze na deki, yaani ile mashine ya kanda za video. Kanda zilizoenea zaidi Afrika Mashariki zilikuwa za aina ya VHS, ambayo kampuni ya JVC ya Japani ilianza kuuza mwaka 1976. Kanda iliyoandikwa E-180 ilibeba dakika 180, yaani saa tatu. Deki iliyokuwa na uwezo wa kwenda mwendo wa polepole ilizifanya kuwa saa sita, ingawa picha ilififia kidogo.

Watu wengi hawakujua kwamba ndani ya deki mlikuwa na kipokezi, yaani sehemu inayochagua stesheni kutoka kwenye mawimbi ya antena. Runinga ilikuwa na kipokezi chake na deki ilikuwa na chake. Waya wa antena uliingia kwanza kwenye deki, kisha ukatoka kwenda kwenye runinga. Ndiyo maana familia iliweza kutazama taarifa ya habari ya KBC huku deki ikirekodi stesheni nyingine kimyakimya. Deki haikutegemea macho ya runinga. Ungeweza hata kuizima runinga, ukaenda kulala, na deki ikaamka yenyewe saa uliyoiwekea.

Kwa muda mrefu uwezo huo haukuwa na kazi kubwa. Runinga ilianza Kenya mwaka 1962, na kwa karibu miongo mitatu kulikuwa na stesheni moja tu, ile ya taifa. KTN ilipoanza mwaka 1990 ilionekana Nairobi kwanza. Stesheni zilipoongezeka na mawimbi yake kufika Bonde la Ufa na Magharibi, ndipo ugomvi wa sebuleni ulipoanza: huyu anataka mpira, yule anataka mchezo wa kuigiza. Deki ikawa mpatanishi.

Chukua siku moja ambayo watu wa upande huu hawajaisahau. Jumatatu, tarehe 18 Agosti 2008, Pamela Jelimo, binti wa Nandi, alishinda mbio za mita 800 mjini Beijing na kuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata dhahabu ya Olimpiki. Kule ilikuwa usiku. Hapa ilikuwa alasiri ya siku ya kazi, wakati mwalimu, karani na mwenye duka hawako mbele ya runinga. Aliyeiwekea deki saa asubuhi alirudi jioni akaiona mbio nzima, tangu risasi ya kuanzia, na kuirudisha nyuma hadi majirani wakatosheka. Hakulipa ada ya ziada, wala hakuna kampuni iliyojua amerekodi.

Deki hiyohiyo ilicheza pia kanda ambazo hazikutoka kwenye stesheni yoyote. Kuna za harusi, za mazishi, za mahafali ya chuo. Kwa familia za Wabukusu, Bungoma na Trans Nzoia, kuna za tohara, ambayo hufanyika Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili. Mpiga video aliajiriwa kufuata kijana tangu anapozunguka kuwaalika jamaa hadi alfajiri ya kutoka mtoni. Kanda hizo tutazirudia, kwa sababu hizo ndizo zilizo hatarini kuliko zote.

Februari 2015

Kuhama kwa Kenya hakukuanzia Nairobi. Mwaka 2006 mjini Geneva, nchi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati zilikubaliana kupanga upya masafa ya utangazaji. Masafa ni zile nafasi za hewani ambazo kila stesheni hupewa ili isigongane na nyingine. Siku iliyowekwa kuwa mwisho wa kulindwa kwa mitambo mingi ya analogi ilikuwa tarehe 17 Juni 2015.

Tanzania iliwahi. Dar es Salaam ilizima analogi usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine ikafuata. Kenya ilikuwa imezindua matangazo ya majaribio ya dijitali Desemba 2009, lakini safari yake ilipitia mahakamani. Kampuni tatu kubwa za habari, Nation, Standard na Royal Media, zilipinga utaratibu wa kutoa leseni za kusambaza mawimbi na namna vipindi vyao vilivyobebwa kwenye ving'amuzi vya kampuni za kulipia. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, iliyotoa hukumu Septemba 2014. Tarehe 14 Februari 2015 mitambo yao ya analogi ikazimwa. NTV, KTN, Citizen na QTV zikatoweka hewani kwa takriban wiki tatu, hadi mwanzoni mwa Machi.

Ratiba ya kuzima iligawanywa kwa awamu. Nairobi ilikuwa ya kwanza. Eldoret, Webuye na Kakamega ziliwekwa katika awamu ya pili, na maeneo ya mbali zaidi, kama Lodwar na Kapenguria, katika ya tatu. Moi's Bridge, mji uliojengeka kwenye daraja la mto Nzoia na ambao wazee bado wanaukumbuka kwa jina la Hoey's Bridge, upo mpakani mwa Uasin Gishu, Trans Nzoia na Kakamega. Kwa hiyo upo katikati ya mitambo, na antena za mtaa mmoja huweza kuelekea pande tofauti.

Kuhusu waya wa kebo, ule unaoletwa hadi nyumbani kama wa stima, hadithi yake Kenya ni ya Nairobi na Mombasa zaidi. Huku kwetu runinga imekuja kwa antena na kwa dishi. Lakini ugumu wa kurekodi ni mmoja, kwa sababu mwenye kebo ya dijitali naye amewekewa kisanduku kati ya waya na runinga.

Siku mawimbi ya analogi yalipokatika, kipokezi cha deki kilibaki bila cha kupokea. Deki haikufa. Inacheza kanda na kurekodi, ila haiwezi tena kuchagua stesheni, kwa sababu mawimbi ya dijitali haiyaelewi.

Lori moja, wakulima wengi

Katika analogi, stesheni moja ilichukua nafasi nzima ya masafa peke yake. Ilikuwa sawa na mkulima mmoja kukodi lori zima apeleke mahindi yake kwenye maghala ya bodi ya nafaka. Katika dijitali, picha na sauti hugeuzwa kuwa tarakimu, zikabanwa ili zichukue nafasi ndogo, kisha stesheni kumi au zaidi zikapakiwa kwenye lori hilohilo. Shehena hiyo ya pamoja mafundi huiita maksi. King'amuzi hupanda lori, hutafuta gunia lenye jina la stesheni uliyoomba, hulifungua na kukuonyesha.

Ving'amuzi vingi vya bei nafuu vina kipokezi kimoja tu, yaani vinaweza kupanda lori moja kwa wakati mmoja. Hapo ndipo kunapotokea jambo linalowashangaza watu: unarekodi stesheni moja, unabadilisha kwenda ya pili inakubali, unakwenda ya tatu king'amuzi kinakuuliza kama unataka kusimamisha kurekodi. Kumbe ya pili imo kwenye maksi ileile na ya tatu imo kwenye nyingine. King'amuzi hakina kasoro, kimefika mwisho wa uwezo wake.

Mapokezi nayo yamebadilika. Mawimbi ya analogi yalipodhoofika, picha ilijaa chenga lakini sauti ilisikika, na kanda iliendelea kurekodi. Dijitali haijui kati na kati. Ikidhoofika kidogo picha huganda na kukatika vipande vya mraba. Ikidhoofika zaidi, kioo kinakuambia hakuna mawimbi. Rekodi yako itakuwa na shimo mahali hapo. Wenye madishi wanalijua hili kila mvua kubwa ya Aprili inapoteremka kutoka upande wa Cherang'any. Wenye antena hupata shida zaidi pale antena ilipogeuzwa na upepo au waya wake ulipoliwa na kutu kwenye maungio. Kabla hujanunua flashi ya kurekodia, rekebisha antena.

*Kwa ufupi:* deki ilichagua stesheni yenyewe. Sasa king'amuzi ndicho kinachochagua. Chochote utakachorekodi lazima kwanza kipite kwenye king'amuzi, na king'amuzi chenye kipokezi kimoja hakiwezi kukupa stesheni za maksi mbili kwa wakati mmoja.

Njia zilizobaki

Njia ya kwanza ni ya kutumia deki yako uliyonayo. Nyuma ya ving'amuzi vingi kuna matundu matatu: la njano ni la picha, nyeupe na nyekundu ni ya sauti. Chomeka waya kutoka hapo hadi kwenye matundu ya kuingizia ya deki, kisha kwa rimoti ya deki chagua njia ya AV badala ya namba ya stesheni. Hapo ndipo wengi hukosea: wameunganisha vizuri, lakini deki bado imewekwa kwenye stesheni ya zamani isiyokuwepo, na ndiyo maana wanarekodi giza. Kumbuka kwamba deki itarekodi kile king'amuzi kinachoonyesha wakati huo. Mtoto akibadilisha stesheni katikati ya mechi, kanda nayo itabadilika. Ukitaka kurekodi usipokuwepo, utaweka saa mara mbili: king'amuzi kigeukie stesheni unayoitaka, na deki ianze kuzunguka.

Njia ya pili ndiyo inayofaa watu wengi, nayo ni flashi. King'amuzi cha matangazo ya bure chenye tundu la USB mara nyingi kina uwezo wa kurekodi, ingawa baadhi ya matundu ni ya kucheza nyimbo na kuongeza programu mpya tu. Muulize muuzaji akuonyeshe akirekodi mbele yako, pale dukani, kabla hujalipa. Usitosheke na maandishi ya kwenye boksi.

Flashi ibebe kiasi gani? Hesabu yake si ngumu. Stesheni ya picha ya kawaida, ikirushwa kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, itajaza takriban megabaiti 900 kwa saa. Flashi ya gigabaiti 16 itakupa kama saa 16 hivi. Picha ya ubora wa juu, tuseme ya megabiti 6 kwa sekunde, hula karibu gigabaiti 2.7 kwa saa, na flashi hiyohiyo haitafika saa sita. Mechi ya mpira pamoja na mapumziko na maoni ya wachambuzi ni saa mbili. Kadiria kutokana na hapo.

Mambo manne huharibu rekodi za flashi mara kwa mara:

- Flashi ya polepole. Inakubali nyimbo lakini picha inaishinda kasi, na rekodi inatoka ikirukaruka.
- Mpangilio wa flashi. Ule mpangilio wa zamani uitwao FAT32 haukubali faili moja kuzidi gigabaiti 4. Baadhi ya ving'amuzi hukata rekodi vipande vipande, vingine husimama kimya bila kukuambia.
- Saa ya king'amuzi. Kenya ipo saa tatu mbele ya saa ya kimataifa. King'amuzi kisichorekebishwa kitaanza kurekodi kwa wakati usio wake.
- Swichi ya ukutani. Nyumba nyingi huzima kila kitu kwenye soketi usiku ili tokeni za stima zidumu. King'amuzi kilichozimwa ukutani hakiwezi kuamka saa tisa za usiku kurekodi ndondi kutoka Marekani. Kizime kwa rimoti tu, kibaki na taa nyekundu.

La nne hilo nalitilia mkazo kwa sababu linaangukia watu waangalifu, wale wanaobana matumizi, kisha wanalaumu kifaa. Na stima yenyewe ikikatika katikati ya kurekodi, kuna ving'amuzi vinavyopoteza faili yote kwa kuwa havikupata nafasi ya kuifunga. Kama kipindi ni cha maana sana kwako, gawanya rekodi kwa nusu saa nusu saa. Ikipotea moja, nyingine zitabaki.

Faili inayotoka huwa mara nyingi na mkia wa herufi ts. Simu nyingine hukataa kuifungua, lakini kwenye kompyuta programu ya bure ya VLC huicheza bila shida.

Njia ya tatu ni king'amuzi cha kulipia chenye diski ndani, kama Explora ya DStv. Kurekodi kwake ni raha: unachagua kipindi kwenye orodha, unabonyeza, umemaliza. Kina vipokezi zaidi ya kimoja, kwa hiyo kinarekodi huku ukitazama kingine, kama deki ilivyofanya. Tatizo lake linakuja katika sehemu ifuatayo.

Njia ya nne si ya kurekodi hasa, ila ndiyo iliyochukua nafasi ya kurekodi kwa vijana wengi. Stesheni zenyewe huweka habari na vipindi vyao kwenye YouTube, na duka la filamu mtaani hukujazia flashi kwa shilingi chache. Ya kwanza inahitaji bando na hudumu kwa hiari ya stesheni. Ya pili mara nyingi ni kazi ya watu iliyonakiliwa na kuuzwa bila idhini yao.

Ufunguo

Tuseme umerekodi kwenye king'amuzi cha kulipia. Unachomoa diski, unaipeleka kwa kaka yako Kitale, kwake haifunguki. Au hukulipia mwezi, unataka kutazama mechi uliyorekodi ulipokuwa umelipia, nayo inakataa.

Sababu ni kwamba kilichorekodiwa kimefungwa kwa msimbo, yaani tarakimu zake zimevurugwa kwa mpango ambao ni kifaa chenye ufunguo tu kinachoweza kuzipanga upya. Ufunguo huo haumo kwenye diski. Umo kwenye king'amuzi na kadi yake, na katika mifumo mingi hudumu kadiri unavyoendelea kulipa. Runinga nyingi za kisasa zenye king'amuzi cha ndani hufanya hivyohivyo hata kwa matangazo ya bure: unarekodi kwenye flashi, lakini flashi ile itasomwa na runinga ileile peke yake. Runinga ikipigwa na radi, na rekodi zako zimekwenda nayo.

Hata waya una mlinzi wake. Ule waya wa HDMI unaobeba picha safi kutoka kwenye king'amuzi huwa na ulinzi unaozuia kifaa cha kurekodi kisichoidhinishwa. Ile mitatu ya rangi, njano, nyeupe na nyekundu, kwa kawaida haina kufuli hilo, ingawa baadhi ya ving'amuzi vya kulipia huweza kuichafua picha makusudi ili deki isiinase vizuri.

Ugomvi huu si mpya. Kampuni za filamu za Marekani ziliishtaki Sony kwa sababu deki zake za Betamax ziliwawezesha watu kurekodi vipindi nyumbani. Januari 1984 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua, kwa majaji 5 dhidi ya 4, kwamba mtu kurekodi kipindi cha bure ili akitazame baadaye nyumbani kwake si wizi. Kura moja tu ingegeuka, huenda deki zingepigwa vita tangu mapema. Kenya nayo, katika Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, ilitambua matumizi ya binafsi kuwa miongoni mwa mambo yanayoruhusiwa kwa kiasi kinachofaa. Kurekodi mechi ili uitazame na familia yako ni jambo moja. Kuionyesha kwenye ukumbi wa video unaotoza kiingilio, au kuinakili na kuiuza sokoni, ni jambo jingine kabisa, na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ina mamlaka ya kukufuata.

Naona haki haijakaa sawa hapa. Sheria inakupa nafasi ya kurekodi kwa matumizi yako, kisha kifaa ulichonunua kwa pesa zako kinakunyima, na hakuna mahali pa kwenda kuuliza kwa nini. Mtazamaji anastahili kuambiwa dukani, kwa lugha anayoielewa, kama rekodi zake zitahama naye au zitakufa na kifaa. Leo haambiwi. Atagundua mwenyewe siku king'amuzi kitakapoungua.

*Kwa ufupi:* rekodi isiyofungwa ni yako, utaibeba popote. Rekodi iliyofungwa umeazimwa. Jaribu kucheza flashi yako kwenye kompyuta ya mtu mwingine na utajua uliyonayo ni ipi.

Kwani kurekodi kuna faida gani tena?

Msomaji kijana atauliza hivyo, na ana haki. Kila kitu kipo mtandaoni, si ndiyo? La, si kila kitu. Kinachokuwepo mtandaoni ni kile ambacho stesheni imeona kinafaa kuwekwa, na kwa muda inaotaka.

Uingereza wana funzo la uchungu. Shirika la BBC lilifuta kanda nyingi za vipindi vya miaka ya 1960 ili lizitumie tena, kwa kuwa kanda zilikuwa ghali. Mchezo wa kuigiza wa Doctor Who ukapoteza sehemu nyingi. Picha zimepotea, lakini sauti za sehemu zote zilizopotea zipo hadi leo, kwa sababu watazamaji walizirekodi sebuleni kwa tepurekoda zao. Marekani, mwanamke mmoja wa Philadelphia, Marion Stokes, alirekodi matangazo ya habari nyumbani kwake usiku na mchana kwa zaidi ya miaka 30, hadi alipofariki Desemba 2012. Aliacha kanda zipatazo 70,000, nazo zikachukuliwa na hifadhi ya kidijitali iitwayo Internet Archive. Mengi aliyoyanasa hakuna stesheni iliyoyatunza kwa ukamilifu namna ile.

Sasa rudi hapa. Agosti 2003 Makamu wa Rais Michael Kijana Wamalwa alifariki London, akaletwa kuzikwa nyumbani Kitale. Mazishi yale yalionyeshwa kwenye runinga, na waliokuwa na deki upande huu walirekodi. Stesheni huenda zina hotuba za wakubwa. Lakini aliyerekodi nyumbani aliiacha deki izunguke, akanasa pia matangazo ya biashara ya siku hiyo, bei zilizotajwa na namna mtangazaji alivyojaza muda wakati msafara umechelewa. Mwanahistoria wa kesho atayataka hayo. Mjukuu wa mtu aliyesimama kwenye umati ule atayataka zaidi.

Kanda zilizo juu ya kabati

Mwezi Julai 2016 kampuni ya Funai ya Japani, ambayo ndiyo iliyokuwa inayojulikana kuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha kazi hiyo. Deki zilizopo ndizo zilizopo. Mpira unaozungusha kanda hulegea, vichwa vya kusomea huisha, na fundi anayejua kuvibadilisha anazeeka. Kanda yenyewe nayo ni plastiki nyembamba iliyopakwa chembe za sumaku, na gundi inayozishika chembe hizo huchakaa. Katika nyumba ya mabati yenye joto la Januari na unyevu wa mvua za masika, huchakaa haraka.

Kuhamisha kanda kwenda dijitali hakuhitaji maabara. Unahitaji deki inayocheza, kompyuta, na kifaa kidogo cha USB chenye matundu yaleyale matatu ya rangi. Programu ya bure ya OBS inaweza kupokea picha hiyo na kuihifadhi. Kazi huenda kwa mwendo wa kanda: ya saa tatu itachukua saa tatu, hakuna njia ya mkato. Vijana wawili wenye kompyuta moja wanaweza kuifanya biashara ya halali kabisa, wakiwahudumia wenye kanda za familia zao wenyewe.

Kabla ya kuingiza kanda, ifungue mfuniko wa mbele uitazame kwenye mwanga. Ukiona unga mweupe pembezoni, huo ni ukungu. Usiiingize, kwa sababu utachafua vichwa vya deki na kuambukiza kanda zinazofuata. Itenge, ikaushwe na kusafishwa na mtu anayejua. Kanda iliyokaa miaka mingi ipeleke mbele hadi mwisho na kuirudisha nyuma mara moja kabla ya kuicheza, ili iachane pale ilipogandana. Na vunja kile kidude cha plastiki kilicho mgongoni mwa kanda kama bado kipo, mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya.

Faili ikishapatikana, ipe jina linaloeleweka: mwaka, mahali, shughuli, ukoo. Andika pia majina ya wanaoonekana wakati wazee wanaowatambua wangalipo, maana picha isiyojulikana ni ya nani haimsaidii mtu. Weka nakala mbili, moja kwako na moja kwa ndugu anayeishi mji mwingine, kwa kuwa flashi nayo hupotea na diski nayo hufa.

Kama una kanda nyingi na deki moja inayochechemea, anza na zile za tohara, harusi na mazishi, kwa sababu nakala yake haipo kwenye stesheni yoyote wala kwa mpiga video, ambaye huenda alishafunga studio. Zifuate za habari na matukio ya taifa, na baada ya hapo mechi. Filamu za Kihindi na za karate ulizorekodi ziache mwisho. Hizo zinapatikana kwingine.